Marehemu Ana Swali

Asubuhi ya mdahalo Marieta alikamua ng'ombe, akajifunga kitenge cha pili, akateremka hadi shule ya msingi. Ulikuwa mwaka 2005, mkoa wa Manyara ungali mpya, na udiwani wa kata ile, njia ya kwenda Getanuwas, ulikuwa unagombewa na watu wawili. Mdahalo uliitishwa na Mwalimu Judica, aliyehamishiwa huko kutoka Bukoba. Alisema watu wamechoka kuchagua kofia na fulana. Safari hii wawaulize wagombea maswali, wawajue, ndipo wapige kura.

Hermani, diwani aliyekuwa akitetea kiti, aliahidi maji, barabara na zahanati yenye dawa. Mpinzani wake, Gidion, aliahidi hayo hayo kwa sauti ndogo zaidi. Mzee Sulle, mwenyekiti wa kikao, akakaribisha maswali. Wa kwanza kusimama alikuwa Imakulata, binti yake Marieta, aliyezikwa mwaka uliopita.

Mgongoni alimbeba mtoto aliyezikwa naye. Kinamama waliona kwamba mtoto amekua.

"Shikamoo, mama," alisema alipompita Marieta.

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

Hermani akainuka. "Mwenyekiti, utaratibu. Huyu ni marehemu."

"Tunajua," alisema Mzee Sulle. "Tulimzika sote, na wewe ulihutubia. Imakulata, una kadi?"

Imakulata akafungua fundo la kitenge, akatoa kadi ya mpiga kura. Ilikuwa na udongo kidogo. Mwalimu Judica akaipangusa, akaisoma, akasema ni halali.

"Naomba kumuuliza mheshimiwa," alisema Imakulata. "Siku nilipotokwa na damu, gari la wagonjwa lilikuwa wapi?"

"Gereji, mjini Katesh."

"Lilikuwa na magunia yako ya mbaazi. Lilitupita kilimani, nimebebwa kwenye kitanda. Nililiona. Nilikuwa bado hai."

Wanaume waliombeba siku ile walikuwapo uwanjani. Walitazama chini.

"Ndugu wananchi, ya nyuma tuyaache," alisema Hermani. "Tutazame mbele."

Marieta akasimama. Mwaka mzima alikuwa ameambiwa kwamba ni mapenzi ya Mungu, naye alikuwa akiitikia. Sasa alipaza sauti.

"Mheshimiwa, mwanangu hakuuliza ya mbele. Mbele yeye hana. Mjibu."

Hermani alitazama saa yake, akasema ana mkutano mwingine.

Tangu siku hiyo hadi uchaguzi, Marieta na Imakulata walizunguka kitongoji kwa kitongoji. Nyumba nyingine ziliwapa chai, nyingine zilifunga mlango. Mzee mmoja alimwambia Marieta kwamba anachafua jina la mtu.

"Nataja jina lake na alichokifanya," alijibu. "Uchafu ni wake."

Akaja mtu wa ofisi ya kata na agizo kwamba marehemu hawaruhusiwi kuzungumza wakati wa kampeni. Marieta alimwomba aonyeshe sheria. Hakuwa nayo. Wakamuaga, wakaendelea na safari.

Hermani alishinda. Aligawa chumvi na sabuni, na kura zikatosha. Baadhi ya waliolia pale shuleni walimwambia Marieta waziwazi kwamba kura walimpa Hermani. Diwani wa upinzani, walisema, wilayani hapewi hata bati moja. Wiki ile ile gari la wagonjwa lilionekana sokoni Katesh, likishusha mbaazi.

Marieta aliposikia aliingia ndani, akalia, kisha akanawa uso. Alipotoka, Imakulata alikuwa amekaa mlangoni akinyonyesha.

"Uchaguzi mwingine ni mpaka miaka mitano," alisema Marieta.

"Mimi sina haraka, mama."

"Mimi ninayo."

Akachukua fimbo yake, wakashika njia ya mnadani, ambako siku hiyo watu walikuwa wengi.