Upande wa Kulia wa Koti

"Labda ni sabuni yako," Royce alisema.

Nadine Prewitt alikuwa amelishika koti kwa mabega, amelisimamisha mbele ya dirisha la jikoni. Upande wa kulia, chini kidogo ya kiuno, sufu ilikuwa imeota upara. Manyoya yametoka, nyuzi zimebaki peke yake kama wavu. Alimgeukia mumewe taratibu. Royce alikuwa anamwagia mkate wake mchuzi wa soseji kana kwamba hajasema neno.

"Sabuni yangu."

"Nasema labda."

"Royce, hili koti halijawahi kuona maji. Ni sufu! Na ni sabuni gani hiyo inayokula upande wa kulia tu, palepale unapofunga bastola, halafu wa kushoto inausamehe?"

Royce alitafuna akafikiri. "Basi ni kitambaa."

Bora angebaki kwenye sabuni. Kitambaa Nadine alikuwa amekichagua mwenyewe, sufu ya kijivu iliyokaa vizuri mkononi, na koti hilo alilikata na kulishona majira yote ya baridi kwa ajili ya siku moja tu: siku ambayo Royce angemsindikiza binti yao Kaylin madhabahuni kuolewa na Tucker. Alimwambia asilivae kabla. Royce akalivaa Jumapili moja, eti kulijaribu, akagundua kwamba linaificha bastola kuliko nguo yoyote aliyokuwa nayo. Tangu siku hiyo koti la harusi likawa koti la zamu.

Zamu yenyewe ilikuwa ya kujitolea. Katika kanisa lao la Cutter Springs, wanaume wachache walipokezana kusimama milangoni, silaha chini ya nguo, ili wengine wafumbe macho na kuomba bila wasiwasi. Nadine hakuwa na ugomvi na hilo. Alizaliwa Arkansas, baba yake alibeba bastola, na mama yake alibeba ya kwake kwenye mkoba uleule wa Biblia na peremende. Ugomvi wake ulikuwa na nguo. Harusi ilikuwa Jumamosi hiyohiyo, na baba wa bibi harusi alikuwa na koti lenye upara.

Na asitokee mtu wa kusema kwamba hakujaribu. Mashati ya Royce yalipoanza kutoboka kiunoni, ni yeye aliyekaa chini na ala ya bastola mapajani, akaisugua kingo zake kwa msasa mpaka zikawa laini kama peremende iliyomung'unywa. Vichwa vya skrubu alivifunika kwa utepe. Kibanio cha chuma kilichokuwa kinauma mkanda alikivisha kipande cha ngozi. Alimnunulia suruali zenye kiuno kipana zaidi, ili bastola ipate nafasi yake na shati lisibanwe katikati. Alimlazimisha kuvaa fulana ndefu ndani, ala isikutane na jasho. Na kwenye koti hili, kabla hata halijaharibika, alishonea ndani ya bitana kiraka cha ngozi laini, mahali hasa mpini wa bastola unapokwaruza, maana mpini ule ulikuwa na meno kama ulimi wa paka.

Mashati yakapona. Suruali zikapona. Koti likaendelea kuota upara.

"Siyo kitambaa," alisema, akalitundika. "Na ukisema tena ni kitambaa, utakwenda harusini na fulana."

Dub Stroud alifika mchana huo kuleta meza za kukunja za karamu. Alikuwa kiongozi wa kikosi cha ulinzi cha kanisa, mtu mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na alikuwa na duka la ala na mikanda kando ya barabara kuu. Aliliona koti, akacheka.

"Dada Nadine, nikwambie tatizo? Tatizo ni chakula chako. Mtu akila kwako ananenepa, akinenepa bastola inasukumwa nje, koti linaisha. Ungempikia vibaya kidogo."

"Mkeo amefuata ushauri huo, naona."

Dub alicheka zaidi. Hakuwa mtu wa kuudhika haraka. Alijishika ukosi wa koti lake la kahawia. "Hii ndiyo nguo ya mbeba bastola. Turubai. Ninayo dukani, saizi zote."

"Binti yangu asindikizwe na mtu aliyevaa turubai? Anaolewa huyu, Dub, siyo mahindi yanayopelekwa sokoni."

"Sawa, sawa. Ila heri turubai na macho wazi, kuliko sufu na kukutwa umelala." Alimtazama Royce, ambaye alikuwa anashusha meza kutoka kwenye pikapu. "Au siyo, Royce?"

Royce aliinama, na kiganja chake cha kulia kikateremka kiunoni, kikapapasa, kikapanda tena. Nadine aliona hilo. Aliliona kama mtu anavyoona saa ukutani bila kusoma wakati.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, walikwenda kanisani kwa mazoezi. Ndugu Alvis, mchungaji wao, alikuwa amesimama mbele na mikono imefungwa tumboni, anaelekeza kila mtu pa kusimama. Royce alikuwa na koti lake, kwa sababu siku hizo Royce hakwenda popote bila koti hilo. Kaylin alimjia mlangoni akicheka, ameshika ua la karatasi badala ya shada.

"Nipe mkono, Baba."

Royce alitoa wa kushoto.

"Wa kulia, Ndugu Royce," alisema Mchungaji Alvis. "Mama yake anakaa upande huo, amwone vizuri."

Royce alizunguka. Lakini kiwiko chake kilibaki kimegandamana na ubavu.

"Baba, mbona umejibana kama kuku wa kuokwa? Hebu legea." Kaylin alisukuma vidole vyake kati ya mkono na mbavu, akafika ilipo bastola, kisha akautoa mkono ghafla kana kwamba umegusa jiko. Kicheko kikamwisha. "Kesho pia?"

"Kesho pia."

"Baba, mimi sijawahi kukusema kuhusu hilo. Hata siku moja. Lakini kesho nakuomba. Ndugu Dub atakuwa mlangoni, na wenzake. Nataka nishike mkono wa baba yangu, basi. Sitaki kushika chuma."

"Watakuja wageni wengi, mwanangu. Watu tusiowajua."

"Ni shangazi za Tucker!"

"Siwezi," Royce alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo mno kwa mtu wa kimo chake.

Kaylin aliliweka ua la karatasi juu ya benchi. "Basi nitatembea peke yangu," alisema, akatoka nje.

Nadine alirudi nyumbani na hasira iliyomfanya aendeshe gari kwa mikono miwili. Jua lilikuwa bado juu kabisa. Alimvua Royce koti, akakaa barazani na mkasi mdogo, akaomba kwa sauti, "Bwana, ushike ulimi wangu, maana mimi nimeshindwa." Kisha akaanza kufumua bitana. Alitaka kubadilisha kile kiraka cha ngozi. Alikuwa na hakika kimekwisha, kimeliwa na mpini, na kwamba mpini sasa unalikwaruza koti kwa ndani.

Kiraka kilikuwa kizima.

Alikigeuza. Hakina tundu, hakina mkwaruzo wa maana. Kilikuwa na mng'ao kidogo tu mahali pamoja. Bitana nayo nzima. Upande wa ndani wa sufu ulikuwa bado na manyoya yake. Aliligeuza koti nje, ndani, nje tena, akapitisha kidole. Lilikuwa limeliwa kutoka nje. Na kwenye mkono wa koti, upande wa ndani wa kiwiko, palikuwa na upara mwingine ambao hakuwahi kuutazama, unaokutana na ule wa kiunoni kama midomo miwili.

Bastola haikuwa na kosa. Sabuni haikuwa na kosa. Kitambaa, ashukuriwe Mungu, hakikuwa na kosa hata kidogo.

"Royce! Njoo hapa."

Alikuja.

"Vaa. Simama pale kwenye nguzo, kama uko zamu mlangoni. Nieleze habari za kazini."

"Nadine, una nini?"

"Nieleze habari za kazini!"

Royce alisimama, akaanza kueleza habari za chakula cha mifugo kilichochelewa kufika stoo. Hakuwa amemaliza sentensi kiganja kikateremka. Kikapapasa. Kiwiko kikafuata, kikabana, kikasugua. Gari likapita barabarani, kiganja kikateremka tena.

"Umeona?"

"Nimeona nini?"

"Mkono wako."

Royce aliutazama mkono ule kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyekuja kumtembelea. Alikaa kwenye ngazi.

"Nahakikisha ipo," alisema.

"Itakwenda wapi?"

Ndipo akamwambia. Jumapili moja ya theluji, mwaka wa nyuma, katikati ya wimbo, aliingia mtu asiyemjua. Koti refu, macho mekundu, mikono mifukoni. Royce ndiye aliyekuwa mlangoni. Alijua anachotakiwa kufanya. Walikuwa wamefanya mazoezi. Na mkono haukwenda. Ulibaki unaning'inia tu. Yule mtu akamsogelea kabisa, akamuuliza choo kiko wapi.

"Choo," Nadine alisema.

"Alikuwa dereva wa lori. Nikamwonyesha. Baada ya ibada Dub akatuita kikosi kizima kwenye stoo ya kanisa, akasema mbele ya watu, 'Royce, angekuwa ndiye muuaji, leo tungekuwa tunazika watoto.' Tangu hapo nikisimama, mkono unakwenda wenyewe."

Nadine alilisahau ombi lake kuhusu ulimi.

"Mtu alikuwa anatafuta choo! Ulitakiwa umfanye nini, umpige risasi kwa kubanwa na mkojo? Hukuganda, Royce. Ulimtazama mtu, ukaona ni mtu. Hiyo ndiyo kazi ya mlango! Na Dub amekutia aibu mwaka mzima kwa sababu hukumtolea silaha dereva wa lori ndani ya nyumba ya Mungu? Na mimi hapa nasugua skrubu! Nashona ngozi! Naambiwa sabuni!"

"Lakini angekuwa ndiye..."

"Hakuwa." Aliuvua mkono wa koti kutoka kwenye bega la mumewe, akalichukua lote. "Nitalitililia, uzi kwa uzi, na upara hautaonekana. Lakini kiraka cha bastola sikirudishi. Kesho mahali hapa ni pa mkono wa Kaylin. Mwenye mkono huo ameshasema neno lake, wewe sema lako."

Royce aliinuka, akaingia ndani.

Siku ya harusi Nadine hakuuliza. Alikaa benchi la mbele, upande wa kulia, mgongo umenyooka, akiwa bado amekasirika. Kinanda kilipobadilisha wimbo aligeuka pamoja na watu wote. Kaylin alikuwa amesimama mlangoni peke yake, shada mbele ya kifua, kidevu juu. Royce alitokea pembeni, akasimama karibu naye. Akauinua mkono wa kulia mbali na mbavu, akauacha hewani.

Kaylin alimtazama. Kisha akapitisha vidole vyake polepole, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga, na Nadine akauona uso wa binti yake ukibadilika. Hapakuwa na chuma. Palikuwa na mbavu za baba yake.

Walipofika katikati, mlango uligongwa na upepo nyuma yao. Kiwiko cha Royce kikabana, kama kilivyozoea, kikabana vidole vya Kaylin.

"Baba, unaniumiza," alinong'ona, na benchi zima likasikia.

"Samahani," Royce alisema. Hakuachia, na Kaylin hakuvuta.

Kwenye karamu, ukumbini, Dub alikuja na sahani ya kuku na maharage, koti lake la turubai limefungwa kifungo. Alimpiga Royce begani. "Naona leo unatembea mwepesi, ndugu. Je, angeingia mtu?" Akacheka, akapita kuelekea kwenye chai baridi. Royce alibaki karibu na meza ya keki, na tabasamu lililoganda usoni.

Nadine alimfuata Dub, akalishika pindo la koti lake, upande wa kulia.

"Turubai," alisema.

"Dada Nadine?"

"Turubai isiyoisha. Mbona imeota upara?" Palikuwa pameota upara kweli, rangi ya kahawia imetoka mpaka weupe, na upara mwenzake uko ndani ya kiwiko.

"Bastola hiyo, Dada. Ndiyo maisha yetu."

"Bastola iko ndani, Dub. Hapa ni nje."

Mkono wa Dub ulikuwa umeshaanza safari ya kwenda kiunoni. Ulisimama njiani. Dub aliutazama upara ule, kisha mkono wake.

"Nani alikutisha wewe?" Nadine aliuliza. "Au hata wako alikuwa anatafuta choo?"

Dub aliweka sahani chini. Uso wake mnene ulikuwa umeshuka. "Panashoneka?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Nadine alitaka kumhurumia. Alijua atamhurumia, pengine Jumatatu. Lakini leo hapana.

"Panashoneka. Utaniletea. Ila kwanza nenda pale kwenye keki, umwambie Royce kwamba lile neno la stoo halikuwa kweli. Kwamba siku ile alifanya vizuri."

"Nitamwita pembeni baadaye..."

"Ulimwaibisha pembeni?"

Dub alitazama ukumbi. Kikosi chote kilikuwa pale, na wake zao, na shangazi za Tucker, na Mchungaji Alvis mwenye sukari ya keki kwenye tai. Akatazama mkono wake tena, kama hajui auweke wapi, akauacha uning'inie. Kisha akaanza kutembea.

Nadine alikunja mikono, akamsindikiza kwa macho hatua zote mpaka kwenye keki, na hakuyaondoa mpaka alipoona midomo ya Dub inafunguka na vichwa vya watu vinageuka kusikiliza.