Jibu la Swali la Tisa

Mtaa mzima ulimwita Mama Dodoso, na hakuna aliyemwita hivyo kwa ubaya. Kila baada ya miaka mitano, tangu akiwa mwanafunzi mwembamba mwenye miwani mikubwa kuliko uso, alikuja na rundo la karatasi na maswali ishirini yale yale, kwa wanawake wale wale wa darsa ya msikitini: nani anasoma, nani anafanya kazi, nani ana sauti nyumbani. Alitaka kujua jamii ya Kiislamu inabadilikaje. Mtaa huo ulimpa shahada mbili, uprofesa, na juu yake mume, kaka wa mmoja wa wahojiwa. Basi mhojiwa huyo akawa wifi yake, na utani wa mawifi mnaujua wenyewe.

Majibu sasa! Hayakusogea hata nukta. Swali la tisa, nani anaamua mambo makubwa nyumbani kwako, wifi mtu alijibu mara ya kwanza kwamba ni mume wake. Akaendelea kujibu hivyo hivyo hata baada ya mume kuzikwa, eda ikaisha na miaka ikapita. Profesa wa watu alikuwepo mazishini, tena alilia kuliko wafiwa. Lakini alikuwa na kanuni yake: akija kama wifi, anaona yote, akitoa kalamu, anaandika anachoambiwa tu. Kwa hiyo akaandika sura nzima kwamba katika mtaa ule mamlaka ya mume hudumu hata akiwa kaburini. Sura hiyo ilisifiwa sana na watu ambao hawajawahi kumwona wifi akipatana bei na fundi wa paa.

Sasa ilibaki raundi ya saba, ya mwisho, kisha kitabu chake kikubwa, Mtaa Usiobadilika, kiende mtamboni kuchapwa naye astaafu kwa heshima. Alisema atakuja kuhoji Jumamosi. Akaja Alhamisi baada ya alasiri, kurudisha bakuli.

Sebuleni alikuta wanawake tisa wameketi chini, wifi yake katikati, ameshika daftari lenye jalada la kahawia na anawasomesha. Wifi aliuliza swali la nne, wote wakaitikia kwa pamoja kwamba hapana, wanawake wa hapa hawafanyi kazi nje. Aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa bado amevaa koti jeupe la duka la dawa, duka lake mwenyewe. Mwalimu mkuu wa shule ya mtaani alikosea swali la sita, akarudishwa mwanzo.

Mama Dodoso alibaki mlangoni na bakuli lake. Akauliza daftari hilo ni la tangu lini.

"Tangu raundi ya pili," wifi akasema, wala hakuona haya.

Akamweleza. Siku ile ya kwanza, profesa alipoaga, alisema atarudi kuwauliza yale yale. Wakajua huo ni mtihani, na anayetahiniwa si wao, ni yeye. Isitoshe, darsani walifundishwa kwamba shahidi akigeuza maneno, ushahidi wake unaanguka. Wakaona wakibadilisha majibu, binti wa watu atafelishwa huko chuoni. Wakayaandika, wakayakariri, na miaka yote hiyo hawajamwangusha hata mara moja. Hilo la mwisho alilisema kwa fahari.

Hasira zilimpanda profesa, kisha aibu, na aibu ikazidi. Hakuna aliyemficha kitu. Duka la dawa alilizindua yeye. Mahafali ya mabinti wao alihudhuria yote. Alijifumba macho mwenyewe, tena kwa kanuni.

"Hatutasema kitu," wifi akamwambia kwa upole. "Chapisha kitabu chako, upumzike."

Na angeweza, maana chuoni hakuna ambaye angejua. Aliwatazama wanawake waliomkariria uongo kwa mapenzi tangu ujana wao, akatoa simu, akampigia mchapishaji na kumwambia asimamishe kila kitu. Alipoulizwa mpaka lini, alisema hajui. Alipokata simu alilia, nao wakamwacha alie.

Kisha akavua viatu, akaketi chini pamoja nao, akageuza karatasi upande usio na maandishi na kutoa kalamu.

"Wifi, swali la tisa. Nani anaamua mambo makubwa nyumbani kwako?"

Wifi akachungulia daftari kwa mazoea. Mwenye koti jeupe akamnyang'anya.

"Mimi," wifi akasema. "Tangu harusi."

Profesa akamkumbusha kwamba siku ile ya kwanza marehemu mumewe alikuwa ameketi pale pale kwenye kochi, akisikiliza, na hakupinga.

"Alitaka kukwambia ukweli," wifi akasema. "Mimi ndiye niliyeamua tuseme ni yeye."

Mama Dodoso akaliandika jibu hilo neno kwa neno, kisha akamgeukia aliyefuata.