Hatukuwa na wa Akiba

Mguu wa kulia wa Kuwata ulianza kuburuzika tulipovuka daraja, nami nilikuwa nyuma yake ndani ya gari la makocha, kipaza sauti mkononi, nikijifanya sijauona.

"Kocha, anachechemea," akasema Chigusa, mwanafunzi anayetutunzia muda, ambaye hajui kumung'unya maneno.

"Namwona."

"Jana alikuambia kigimbi kinamuuma."

Kweli aliniambia, nami nikamjibu kuwa kitaachia kikipata moto. Ningemjibu nini? Niliwatazama vijana wangu waliobaki, sikuona hata mmoja wa kumaliza kipande kile cha mlimani cha mbio hizi za vyuo za kupokezana. Asubuhi hiyo hiyo mkimbiaji wa Chuo cha Teiryo aliamka na mafua. Kocha wao akamfunika blanketi, akamweka mwingine, na huyo mwingine ndiye aliyetupita kama tumesimama.

Watu huniuliza kwa nini hatuwawezi Teiryo. Wanadhani ni viatu, au kambi zao za milimani, au mpishi wao. Vinachangia, sikatai. Lakini kocha wao anaweza kumwambia kijana, "Leo pumzika," akalala usingizi wake. Mimi sijawahi kuwa na neno hilo mdomoni.

Kuwata akapiga magoti. Umati kando ya barabara ukaguna. Akainuka, akaurekebisha begani ule ukanda wa zambarau uliokuwa umepita mikononi mwa wenzake tangu Tokyo, akaendelea. Nikateremka garini, nikaenda ubavuni pake. Kwenye mbio hizi kocha akimgusa mkimbiaji wake, timu imejitoa. Ukanda unaishia hapo hapo.

"Kuwata, basi."

"Usiniguse, kocha." Hakugeuza uso. "Nakuomba. Kituo kile pale."

Kilionekana kweli. Minowa, wa mwaka wa kwanza, aliyekuwa aupokee ukanda, alikuwa mstarini akirukaruka na kuita, "Kaka Kuwata, njoo! Njoo!" huku amenyoosha mikono.

Kila alipokanyaga, sauti ndogo ilimtoka Kuwata kooni. Mkono wangu ulikuwa hewani, hauendi wala haurudi. Jamani, nilitaka afike. Vijana wa sekondari nchi nzima huchagua chuo wakitazama mbio hizi kwenye televisheni, na nani atachagua timu iliyojitoa? Mwakani ningekuwa na wakimbiaji wachache zaidi, na Kuwata mwingine mwenye kigimbi kibovu, na ningemwambia yale yale niliyomwambia huyu.

"Utakimbia tena," nikamwambia.

"Wapi? Machi namaliza chuo. Nikitoka hapa naenda kuuza mashine za kufulia."

Goti lake likaenda upande ambao goti haliendi. Hakusimama. Alikuwa anajiandaa kuukanyagia tena mguu ule ule.

Nikamshika.

Alinikokota hatua kadhaa kabla hajaelewa. Alipoelewa alinipiga kifuani, kisha begani, akinitukana matusi ambayo sikujua anayajua. Sikumzuia. Nilimkumbatia mpaka uzito wake wote ukanilalia, naye akalia kwa sauti mbele ya watu wote wale, na hakuna aliyecheka.

"Ungeniambia jana nipumzike," akasema akiwa ameuficha uso kwenye koti langu. "Jana, kocha. Si leo."

Chigusa alikuja mbio na blanketi, akamfunika, akaketi naye pale pale kwenye lami.

Afisa wa mbio aliinua bendera nyekundu kuonyesha kuwa tumejitoa. Sheria ingemruhusu Minowa kukimbia, kwa ukanda wa kuazima, muda wake usihesabiwe. Lakini kutoka pale alipokuwa, bendera hakuiona. Alikuwa bado amenyoosha mikono, bado anaita, na ilibidi mtu akamwambie. Nikamwacha Kuwata na Chigusa, nikaanza kutembea kwenda kwake.