Stempu ya Korongo

Madirisha ya ofisi ya kupima stempu za kale hayakufunguliwa kamwe, na Fundi hakuhitaji kuelezwa sababu. Hata yeye, katika ushonaji wake, akikata hariri, huzima feni isiipeperushe. Katika chumba hicho stempu zilikaguliwa kwa kioo cha kukuzia, zikapewa daraja, kisha zikarudishwa kwa wenyewe ndani ya vifuko vigumu vya plastiki. Stempu ya marehemu baba yake iliingia humo wiki tisa zilizopita, na haikutoka.

Kando yake aliketi kaka yake, mkoba wa makaratasi mapajani. Ukoo mzima ulimwita Bwana Risiti, kwa kuwa bado alitunza risiti ya kitanda cha utotoni cha mwanawe wa kwanza, na mtoto huyo sasa alikuwa na ndevu. Kwa wiki zote tisa alikuwa ameiandikia ofisi barua, kila moja ikiwa na nakala ya iliyoitangulia, hata bahasha zikanenepa kama mito.

Leo Msajili, mama mpole aliyesimamia ofisi hiyo, alikuwa amesalimu amri. Alieleza bila kujitetea kwamba gundi ya lebo ilikuwa mbovu: lebo zilibanduka, na stempu kadhaa zikabaki bila wenyewe. Waliwatafuta wenyewe kwa kulinganisha kila stempu na maelezo ya fomu. Nyingine zote zilikwisha kwenda makwao isipokuwa moja, ambayo haikuafikiana na fomu yoyote. Kwa hiyo ofisi ilikuwa imewatafutia stempu nyingine ya toleo lile lile, korongo wa buluu, ya daraja la juu kabisa. Ilibaki sahihi tu, mambo yaishe.

"Huo ndio uungwana," alisema Bwana Risiti, akafungua kalamu.

Fundi aliitazama ile stempu ngeni. Ilikuwa nzuri kweli, lakini baba hakuwahi kuishika. Alimkumbuka akiwaonyesha wageni korongo wake ndani ya karatasi yake angavu, kidole gumba kikiwa kimetulia juu ya bawa. "Haina hata tundu la sindano," ndivyo alivyokuwa akisema siku zote, na ndivyo kaka alivyojaza katika fomu, neno kwa neno.

"Na hiyo iliyobaki," Fundi aliuliza, "ina picha gani?"

"Ni korongo pia, lakini si yenu. Imetobolewa."

"Basi hiyo ina mwenyewe mwingine," kaka alisema, akiishusha kalamu kuelekea karatasi.

Wasemao njia ya mwongo ni fupi hawakuijua njia ya Fundi: ilikuwa na urefu wa miaka thelathini. Kalamu ikigusa karatasi, njia hiyo ingekuwa imefika mwisho bila yeye kukamatwa, na korongo wa baba angebaki humu, yatima.

"Usitie sahihi, Kaka. Ni mimi niliyeitoboa. Nilitaka mwanasesere wangu awe na nishani."

Bwana Risiti alimgeukia polepole. Msajili alikohoa, akasema kwa upole kwamba tundu ni tundu, na yeyote anaweza kudai ni lake. Tena aliwakumbusha kwamba wakiichukua hiyo, ile safi itabaki ofisini, na yao itapewa daraja la chini.

"Umeona matundu mangapi, mama?"

"Moja. Bawani."

"Ni mawili. Nilitumia pini, na pini ikiingia kwenye nguo lazima itokee. Tazama miguuni, kwenye wino wa muhuri wa posta."

Msajili akaileta stempu hiyo katika sinia, akainama juu ya kioo. Kisha akaiinua stempu kwa kibano mbele ya taa, na katika weusi wa muhuri ikang'aa nukta ya pili, ndogo kama mbegu ya mchicha.

Bwana Risiti ndiye aliyekuwa wa kwanza kunena, na sauti yake haikuwa na hasira. "Kumbe ndiyo maana kidole cha baba hakikubanduka bawani."

Hata siku moja Fundi hakuwa amewaza kwamba kidole kile kilikuwa kikimfichia siri yake.

Kaka aliiomba fomu. Akayakata maneno ya baba kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake: *Ina matundu mawili. Mtoboaji anajulikana.* Kisha akamtaka Msajili ampe risiti mpya.

Fundi alipokabidhiwa kifuko, kidole chake gumba kilikwenda chenyewe juu ya bawa. Alikitazama, kisha akakisogeza pembeni.