Mgeni wa Taa ya Hekaluni

Nawategea, kaeni vizuri. Bakuli lake lipo mezani, taa yake inawaka hekaluni mwaka wa tisa, anakula wali na kushiba, na aliyezaliwa kwa jina lake yupo pembeni yake, anamtazama kwa jicho baya. Ni nani huyo? Fikirini. Mkishindwa nipeni mji. Nikipewa mji nachukua Tainan, mtaa wa nyuma ya soko la samaki, na hapo ndipo naanza.

Alhamisi hiyo A-Yen alikuwa kwenye meza ya unga tangu alfajiri. Kazi yake ni kuoka keki za posa, zile za mviringo zenye choroko tamu ndani, ambazo upande wa bwana harusi hupeleka upande wa bibi harusi kwenye masanduku mekundu. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mabega mapana ya kukanda unga, na ndevu chache alizozinyoa kila siku kwa heshima kubwa, kama mtu anayefagia kiwanja kidogo alichokinunua kwa jasho lake. Alipozaliwa walisema ni binti, wakampa jina la binti. Jina hilo sitalitaja. Alilivua akiwa na miaka ishirini, akajiita Poyen, A-Yen kwa wanaompenda, na mtaa mzima ukazoea kuwa ni mwanamume, isipokuwa mtu mmoja.

Mtu huyo ni mama yake, A-Giok, mjane muuza samaki. Kila mwaka mpya watu wa mtaa ule hulipia taa hekaluni. Ni ukuta mzima wa taa ndogo, kila moja na jina chini yake, ili miungu wammulikie njia mwenye jina mwaka mzima. A-Giok alilipia mbili: ya kwake, na ya jina lile la zamani.

"Mama, badilisha," A-Yen alimwambia kila mwaka.

"Mwakani," alijibu mama kila mwaka.

Mwaka huu aliongeza jambo. Ndani ya hekalu lile lile amekaa mungu mzee wa posa, mwenye ndevu nyeupe, anayewafunga watu kwa uzi mwekundu. Utaratibu wake unajulikana. Unamtajia jina, tarehe ya kuzaliwa na anuani, kisha unarusha vipande viwili vya mbao mfano wa mwezi mchanga. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, mara tatu mfululizo, amekubali. A-Giok alitaja jina la zamani, akamwombea mchumba. Mbao zikakubali mara tatu. Mungu yule ni kama mgawa barua: watu hawajui, anajua anuani. Alimtafuta nyumbani kwa A-Giok mwenye jina lile, hakumkuta, basi akapeleka msichana mwenye jina hilo.

Msichana alifika jioni hiyo hiyo ya Alhamisi, saa ya chakula, na mwavuli mkononi. Nywele zilimfika kiunoni, na chini ya sikio la kushoto alikuwa na doa jeusi, kama la A-Yen. Alivua viatu mlangoni akavipanga. A-Giok akaongeza bakuli.

"Umechelewa," alimwambia. "Supu imepoa."

Kwenye kifundo cha mkono alifungwa uzi mwekundu. Uzi ulivuka meza, ukapita juu ya sahani ya samaki, ukaishia kwenye kifundo cha Peishan, mpenzi wa A-Yen kwa miaka mitatu sasa, aliyeishi nao humo. Mungu alikuta kwenye anuani ile kuna mpenzi tayari, hakuona sababu ya kwenda mbali. Peishan aliutazama uzi, akauinua kidogo usilowe mchuzi, akaendelea kula.

A-Yen ndiye hakumeza. Kabla yake Peishan alikuwa amependa wanawake wawili na mwanamume mmoja, na hakuwahi kuficha. Kwa miaka mitatu hao wanawake wawili hawakumsumbua A-Yen hata kidogo. Jioni ile wakamkwama kooni kama mwiba.

Uzi ulinyooka mjini kila Peishan alipokwenda kazini. Wapanda pikipiki waliinamisha vichwa wakapita. Mama mmoja wa nyumba ya pili aliutumia kuanikia matambara. Kila asubuhi A-Yen aliukata kwa mkasi wa unga, na kufika adhuhuri ulikuwa umeota tena, kama nywele.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba yule msichana hakuwa mbaya. Alicheka kile kicheko ambacho A-Yen alikipoteza sauti yake ilipozama ikawa nzito. Alipenda nyama yenye tangawizi nyingi, na mvua, na mizaha ya kijinga. Alipenda kila alichopenda A-Yen, kwa hiyo alimpenda Peishan. Peishan akimpakulia, A-Yen alikitazama kijiko kilivyojaa. Akimpa A-Yen, alikitazama pia.

Peishan alifanya kazi kwenye duka la miwani. Jumatatu A-Yen alipita na pikipiki, masanduku ya keki yamefungwa nyuma, akaona dirishani msichana amekaa kwenye kiti cha kupimia. Peishan alikuwa amemwinamia na rula, anapima nafasi kati ya jicho na jicho, pumzi kwa pumzi. Hivyo hivyo ndivyo alivyomwinamia A-Yen siku waliyokutana. A-Yen aliegesha akaingia. Bibi mmoja alikuwa kwenye benchi akisubiri zamu yake.

"Ya kwanza au ya pili?" Peishan alikuwa akimuuliza msichana, akibadilisha lenzi. "Kwa ipi unaona vizuri?"

"Anaumwa macho?" A-Yen aliuliza.

"Haoni mbali, kama wewe. Namba zenu ni zile zile."

"Na lazima umpumulie usoni?"

"A-Yen, usianze."

"Kaka, kaa basi," msichana alisema. "Unatoka jasho."

"Mimi si kaka yako."

"Sasa nikuiteje? Mimi?"

Bibi wa kwenye benchi aliangua kicheko. "Hapo kakupata, kijana!"

A-Yen hakumtazama bibi. Alimtazama Peishan. "Basi tupime sote. Huyu na mimi. Ya kwanza au ya pili?"

Peishan alishika lenzi hewani, akaiweka chini taratibu. "Kuna mteja," alisema, akamgeukia bibi.

A-Yen hakupeleka keki. Alikwenda moja kwa moja hekaluni, akamkuta Mzee Khun, mtunzaji, anafagia majivu ya udi.

"Nataka kubadilisha jina la taa."

"Taa hubadilishwa na aliyeilipia. Mlete mama yako."

"Jina ni langu, Mzee."

"Lilikuwa lako, mwanangu. Wewe ulilitupa. Aliyeliokota ni yeye."

A-Yen akapiga magoti mbele ya mungu wa posa. Akataja jina lake, Poyen, na tarehe, na anuani ile ile, akauliza: "Peishan anamtamani yeye au mimi?" Akarusha mbao. Zote mbili zililala chali. Akarusha tena, chali. Ya tatu, chali, na moja ikazunguka kidogo kabla ya kutulia.

"Zikilala chali zote, mungu amecheka," Mzee Khun alisema bila kuinua kichwa.

"Nimeona."

"Hata mtoto wa shule anajua, mungu haulizwi *huyu au yule*. Anajibu ndiyo au hapana basi. Na hilo swali lako si lake. Lina mwenyewe."

Nyumbani A-Yen alimkuta mama yake uani, anaparua magamba ya samaki kwenye beseni.

"Mama, twende ukaizime ile taa."

"Nikiizima, yeye atakwenda wapi?"

"Hakuwepo huyo, Mama!"

"Hakuwepo?" Kisu hakikusimama. "Miaka mingapi nimemsuka nywele? Nilimpeleka shule nimemshika mkono. Leo uniambie nilikuwa nasuka hewa."

"Na mimi? Mimi umeniwashia nini?"

A-Giok alifikiri, maana swali lilikuwa la haki. "Wewe si uko hapa unanipigia kelele?" alisema. "Nani huwashia taa mtu anayeonekana?"

Akageuza samaki upande wa pili.

Miezi ikaenda. Peishan hakujibu, naye A-Yen hakurudia, ila walipokuwa wawili A-Yen alikuwa akimgusa Peishan kama mtu anayeshika chombo cha kuazima. Akizima taa ya chumbani kwanza. Akimuuliza, "Uko wapi?" naye yuko pale pale. Peishan aliona yote hayo, na kitu cha tatu kitandani kikawa uzi uliopita chini ya mlango kwenda kwa msichana aliyelala sebuleni.

Mwaka ukageuka. Siku ya kulipia taa A-Giok aliondoka asubuhi na nguo yake nzuri. A-Yen alijua anakokwenda. Alinyoa kwa hasira, akajikata kidevuni, akararua kipande cha karatasi ya chooni akakibandika, akaenda kazini. Siku nzima alioka keki za posa za watu wengine.

Jioni walikaa mezani wanne. Kwenye friji A-Giok alikuwa amebandika risiti nyekundu ya hekaluni, majina mawili, la pili ni lile lile. Mwaka wa kumi. Msichana alikuwa na miwani yake mpya, iliyompendeza, akachagua vipande vyenye tangawizi. Uzi ulipita juu ya samaki kama kawaida.

Peishan alikuwa anamtazama A-Yen. Aliweka vijiti vyake chini.

"Uliniuliza kitu dukani."

"Nimeshasahau."

"Muongo."

"Basi sitaki jibu."

"Utalipata." Alimtazama msichana kwa muda, bila haraka, kama anavyowatazama wateja. "Ni mzuri. Nikimkuta njiani nitageuka, sitakudanganya."

A-Yen alisikia masikio yanawaka. Msichana alirekebisha miwani. A-Giok alinyonya kichwa cha samaki, macho kwenye bakuli.

"Siku ya kwanza ulipokuja dukani," Peishan aliendelea, "ulikuwa umejikata, umebandika kikaratasi hapo hapo kilipo leo, ukakisahau. Mtu mzima umekaa kwenye kiti umejikaza, na kikaratasi kidevuni. Nilikosea vipimo mara mbili, mkono unataka kukibandua. Nikarudi nyumbani nafikiria kidevu cha mwanamume nisiyemjua hata jina."

Msichana alipitisha kidole kwenye kidevu chake mwenyewe, taratibu, kutoka upande huu hadi upande ule. Kilikuwa laini.

Peishan alinyoosha mkono ule ule wenye uzi, akauvusha juu ya samaki, akakishika kile kikaratasi kwa kucha mbili, akakibandua. Tone dogo la damu likatokea. Alilifuta kwa kidole gumba, na kidole hakikuondoka.

"Yeye hana pa kujikata," alisema.