Mwenye Kalamu na Mwenye Dasta

Kilio kilianza chini chini nje ya mlango, kikapanda polepole. Sikugeuka, nikaendelea kuandika ubaoni. Nyuma yangu kiti kikasogea.

"Mwalimu, naomba nitoke. Mwanangu ana njaa."

Alikuwa Mama Kijacho. Wanafunzi wenzake walimpachika jina hilo akiwa mjamzito. Kijacho alikwisha kuja, ana miezi mitatu, na jina likagoma kuondoka. Kila saa nne mama mkwe wake alimleta mtoto ukumbini anyonye.

"Subiri dakika kumi," nikasema. "Kipindi changu si soko, watu kuingia na kutoka."

Akaketi.

Siku hiyo, katika maabara ya kompyuta, nilikuwa nafundisha mkwamo. Mfumo endeshi ndio unaozigawia programu vitu vya kompyuta: kumbukumbu, diski, printa. Ukigawa vibaya, programu hushikana mashati. Nilimwita mbele Mchambuzi, asiyejua kufunga mdomo, pamoja na jirani yake. Mchambuzi nikampa kalamu ya ubao, mwenziwe dasta.

"Kila mmoja anahitaji vyote viwili ndipo afanye kazi. Na hakuna kuachia ulichoshika. Haya, fanyeni kazi."

"Lete dasta," akasema Mchambuzi.

"Wewe lete kalamu."

"Tangulia wewe."

"Kwani mimi mjinga?"

Darasa likaangua kicheko. "Huo ndio mkwamo," nikasema. "Hakuna kilichoharibika, lakini wataganda hapo mpaka kiama."

Kwa kuwa nilipenda kumaliza kwa kishindo, nikaenda kwenye seva pale kona, waone mfumo endeshi unavyoamka. Nikaizima, nikaiwasha. Skrini ikatoa mstari mmoja: Ingiza nywila.

Wiki iliyopita haikuwa na nywila. Mlangoni taa ya kijani ikazimika, komeo likalia ta!

Kufuli la maabara liliendeshwa na seva hiyo hiyo. Tangu tulipoibiwa kompyuta, lilitegwa hivi: seva ikilala, mlango haufunguki, hata ubonyeze kitufe cha ndani mpaka kidole kiote sugu. Dawa yake ilikuwa ufunguo mmoja wa dharura, na tundu lake lilikuwa upande wa nje tu.

Ufunguo wenyewe ulikuwa mfukoni mwangu. Nilimnyang'anya fundi wa maabara, mtu wa umri wa baba yangu, mbele ya wanafunzi, kwa sababu alichelewa kunifungulia. Nilimwambia maabara ya mwalimu hufunguliwa na mwalimu. Hakunijibu siku ile; sasa jibu lake lilikuwa pale kwenye skrini.

Mama mkwe, aliyekuwa nje na mtoto, alikwenda kumwita Fundi. Nikasikia ndara zake zikija bila haraka.

"Fundi, nitajie nywila ya seva!"

"Nani mwenzangu?"

"Unanijua."

"Ahaa, mwenye maabara! Basi kijana, maabara ni yako, seva ni yangu. Pitisha ufunguo chini ya mlango, nifungue."

"Nywila kwanza."

"Ufunguo kwanza."

"Nikikupa hutanirudishia."

"Nikikutajia utakaa nao mpaka uzeeke."

Nikaegemea mlango, nikakunja mikono. Watu arobaini tulivuta hewa ile ile. Madirisha yalikuwa na nondo, na chini, ghorofa tatu, watu walipita wakiwa huru na hawajui kama wako huru. Nikatazama saa: dakika kumi zilikuwa zimegeuka thelathini na tano. Jasho lilinitiririka mgongoni, na ufunguo ulinichoma pajani kama kaa la moto. Ungepita chini ya mlango ule bila kugusa mbao. Nilijua hivyo tangu mwanzo.

"Nyie wanaume!" akafoka mama mkwe. "Mtoto hanyonyi ufunguo wala hiyo nywila yenu!"

Mama Kijacho alikuja akasimama kando yangu, kiganja juu ya mlango. Maziwa yalikuwa yamelowesha blauzi yake pande zote mbili.

"Mwalimu," Mchambuzi akaita. Bado alikuwa amesimama mbele, kalamu mkononi, na mwenziwe na dasta yake. "Sisi tuendelee kushika, au tuketi? Mkono umekufa ganzi."

Ndipo kilio kikakatika.

"Amelala?" nikauliza.

"Hajalala," akasema Mama Kijacho. "Amechoka kulia."

Nikapiga magoti. Mbele ya wanafunzi wangu wote, mimi niliyeapa kutopigia mtu goti, nikausukuma ufunguo chini ya mlango. "Fundi, shika. Ni wako. Nilikukosea."

Kisha tundu likakwaruza, mlango ukafunguka. Fundi hakunitazama, aliutia ufunguo mfukoni, akaenda kwenye seva, akaandika nywila yake taratibu, bila kuificha.

Mama Kijacho aliketi palepale kizingitini akampakata mwanawe. Mtoto alinyonya kwa kwikwi, macho yamevimba.

"Uliniambia dakika kumi," akasema bila kuinua kichwa.

Nikavuta kiti changu cha ualimu, nikauzuia nacho mlango usijifunge.

"Mama," nikasema, na nilitaka Fundi asikie, na darasa lote lisikie, "kuanzia kesho nikifundisha, kiti hiki kitakaa hapa. Akilia, nyanyuka uende. Usiniombe ruhusa tena. Nakuahidi."