Somo la Hiari

Orpha alikuwa mwaka wa tatu wa uhandisi wa mitambo alipotakiwa kuchagua somo la hiari la muhula wa mwisho. Alichagua viungo vya bandia, somo la kuunda miguu na mikono ya watu waliokatwa, na mama yake, Hortense, akawatangazia wote kanisani. Kwa kuwa mtandao wa chuo ulikataa kupokea chaguo moja tu, Orpha alibofya la pili bila hata kulisoma vizuri. Majibu yalipotoka, viungo vya bandia vilikuwa vimejaa. Akapewa lile la pili: migongano.

"Ni mambo ya magari," alijituliza. Kweli, mwanzoni yalikuwa magari: bampa, mikanda ya viti, kofia za pikipiki. Kisha mwalimu akamleta mgeni, mhandisi wa kampuni ya silaha, mtu mpole aliyevaa sweta ya sufu. Mgeni akaweka mezani ganda la kombora la mzinga, limepasuliwa katikati kama papai. Kazi yenu ya muhula, alisema, ni kukokotoa: ganda hili likilipuka, vipande vyake vinaruka kwa kasi gani, na vinafika wapi vikiwa bado na nguvu?

Hortense alikuwa na kipande kama hicho ndani ya nyonga. Madaktari wa Stockholm walikipiga picha wakasema heri kikae hapohapo. Alikipata Uvira, kule Kongo, siku kombora lilipoanguka uani kwao. Mdogo wake, Adrienne, alikufa siku hiyohiyo.

Orpha akaenda kwa mshauri wa masomo, mwanamke aitwaye Nora.

"Muda wa kubadilisha umepita," Nora alisema, na sauti yake ilikuwa ya huruma kweli. "Unaweza kuliacha, lakini bila alama zake hupati shahada mwezi wa sita, na nafasi yako ya uzamili inakwenda."

"Na kama nikipewa kazi nyingine ndani ya somo hilohilo?"

"Muulize mwalimu."

Mwalimu alisema vikundi vimeshapangwa, na hesabu ni hesabu tu.

Basi akabaki. Jambo lililomtisha ni kwamba aliiweza. Hesabu zilimnyookea kuliko wenzake, hata Jonas na wengine wa kikundi wakawa wanamsubiri yeye aanze. Yule mgeni alipopita kuangalia kazi, alisimama nyuma ya kiti chake kwa muda, kisha akamuuliza kama angependa kufanya nao kazi wakati wa likizo. Orpha alisema atafikiri. Akakusanya vitabu vyake, akaenda zake kupanda treni ya chini ya ardhi.

Nyumbani kwao, mtaa wa Rissne, mama alikuwa akiuliza kila siku: "Ile miguu inaendelea?"

"Bra, mama," Orpha alijibu kwa Kiswidi, kama alivyozoea tangu utotoni alipotaka maneno yaishe. Vizuri, mama.

Jumamosi moja mchana, Hortense akiwa anapika sombe ya majani ya muhogo, Orpha alishindwa kuendelea. Alisimama mlangoni pa jikoni akamwambia yote: somo lililojaa, ganda mezani, hesabu. Hortense akazima jiko, akakaa. Orpha akangoja hasira. Hasira ingekuwa nafuu.

"Kumbe iko hesabu yake," mama alisema polepole.

"Ndiyo."

"Basi uniambie. Adrienne alisikia maumivu?"

"Mama, tafadhali."

"Mimi nilianguka mlangoni, nikaamkia hospitali. Hakuna mtu alinieleza kitu. Miaka yote hii najiuliza kama aliniita." Akainuka, akamvuta hadi dirishani. "Bomu lilianguka penye banda la kuku. Yeye alikuwa kwenye bomba la maji. Ni kama toka hapa mpaka kwa ule mti wenye baiskeli. Weye unajua. Sema."

Orpha akautazama mti. Ulikuwa mbali. Kwa umbali ule, mara nyingi mtu hafi papo hapo. Huanguka, akalala, akangoja. Alilijua hilo vizuri kuliko alivyolijua jambo lolote alilowahi kusoma.

"Hakusikia kitu," alisema. "Ilikuwa haraka mno."

Hortense akamwegemea begani akalia, kisha akamshukuru Mungu kwa sauti, na mwishoni akalishukuru lile somo.

Kesho yake, katika ukumbi wanaoukodi kwa ibada huko Rinkeby, Hortense alisimama kutoa ushuhuda. Aliwaeleza kwamba binti yake amesoma hadi amejua jinsi Adrienne alivyokufa bila kuteseka. Watu wakapiga makofi. Orpha alitazama chini, uso ukimwaka.

Ibada ilipokwisha, mzee mmoja, papa Fidèle, alimfuata akiwa ameshika kofia yake mikononi. "Binti, kijana wangu alikuwa kando ya gari bomu lilipoanguka. Kama toka hapa mpaka kwenye ile spika."

Orpha akamtafuta mama kwa macho. Mama alikuwa akigawa chai, anang'aa.

"Hakusikia kitu, papa."

Ilikuwa hivyo kila Jumapili. Orpha alifaulu somo kwa alama ya juu kabisa, akaikataa kazi ya yule mgeni, akapata shahada yake. Kanisani hakuna aliyeuliza habari za shahada. Walikuja na umbali wao, wakaupima kwa viti na milango, naye akawapa jibu lilelile.

Kisha akaja Dative, mjane kutoka Bujumbura, asiyezungumza sana. Hakupima kitu.

"Mimi usinifariji," alisema. "Nilikuwepo, nilimshika mume wangu mkono mpaka mwisho. Nataka kujua tu: ningemvuta ndani mapema, angepona?"

Orpha akamgeukia.

"Sijui, mama Dative," alisema. "Haki ya Mungu sijui. Hata kuhusu wale wengine sikuwa nikijua."

Dative hakwenda kuwaambia watu. Alikaa kiti cha pembeni yake, akaweka mkoba wake mapajani. Mbele yao, papa Fidèle alikuwa anakuja tena, safari hii na mke wake, ili naye asikie.